Kipande cha Kwanza

Kalemie, Jumatatu 16 Juni 2025

Mdogo wangu Djafari,

Salamu kwanza. Lawama nitaziweka mwishoni ili uisome barua yote. Papa hajambo kidogo leo, yaani amekunywa uji vijiko vinne na amenigombeza kuwa nimetia sukari nyingi. Daktari hasemi kitu cha kueleweka, lakini mimi nina macho yangu.

Juzi Jumamosi aliniita akaniambia niweke simu juu ya mto, niielekeze usoni kwake, nibonyeze, kisha nitoke. "Hii ni ya Djafari peke yake," akasema. "Wewe usiisikie, hata nikishakufa." Akaniapisha. Nikakaa uani nachambua mchele mpaka aliponiita. Alizungumza dakika kumi na saba! Papa wetu, fundi cherehani ambaye hata salamu anaikata kwa kipimo.

Sasa ikaja kazi ya kukutumia. Huko bwawani kwenu, kwenye mitambo ya umeme, simu haishiki, na mtandao wa biro yenu ya kazi hauvumilii kupiga simu, imeli ndiyo inapita vizuri, basi nikaandika imeli. Ikanijibu mzigo umezidi: mwisho ni mega ishirini na tano, na video ya Papa ina mega mia tatu na themanini. Nikakata kipande cha kwanza, dakika moja tu, mega ishirini na mbili, sauti ya simu nimeizima wakati nakata, nisije nikavunja kiapo. Nikakituma kwa kutumia ile anwani yangu ya zamani, ya wakati nasomea ualimu. Kikazunguka kutwa nzima, hakikwenda. Leo nimempelekea Julienne wa fotokopi, kacheka mpaka kashika meza. Kumbe video kubwa hivyo haiambatanishwi na barua. Inapandishwa kwenye wingu, na wewe unatumiwa kiungo. Kipo chini ya barua hii. Bonyeza, halafu ishushe kwenye simu yako.

Na lawama ni hizi. Piana-Mwanga si mbinguni, ni siku tatu za pikipiki. Papa hakuulizii kwa mdomo, ila kila pikipiki ikisimama njiani anageuza kichwa.

Dada yako,
Zainabu


Piana-Mwanga, Alhamisi 19 Juni 2025

Dada Zainabu,

Barua yako nimeipata, na kiungo nimekiona. Nitatazama Jumapili nikiwa nimetulia, maana hapa biro watu wanapita nyuma ya mgongo.

Kuhusu kuja, mtambo wa pili umefunguliwa wote, vyuma viko chini, na mkubwa wetu hampi mtu ruhusa. Mwambie Papa namsalimu sana. Mwambie mwisho wa mwezi, Mungu akipenda.

Ndugu yako,
Djafari


Kalemie, Ijumaa 20 Juni 2025

Djafari,

Papa ametutoka leo saa nne asubuhi. Tumemzika baada ya Alasiri. Hakungojwa mtu, unajua desturi yetu.

Nina jambo moja nikuulize na unijibu leo hiihii. Kabla hajaondoka alinishika mkono akasema, "Djafari ameiona?" Nikamjibu, "Ndiyo, Papa, ameiona." Akafumba macho.

Nimemdanganya baba yangu anakata roho. Niambie kuwa sikumdanganya.

Zainabu


Piana-Mwanga, Jumamosi 21 Juni 2025

Dada yangu,

Hukumdanganya. Niliitazama Alhamisi ileile, baada ya kukuandikia. Yote, mpaka mwisho. Nimeiweka vizuri kwenye simu yangu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Siwezi kuandika zaidi.

Djafari


Kalemie, Jumapili 22 Juni 2025

Mdogo wangu,

Mungu akubariki. Tangu Ijumaa nilikuwa sijatia kitu mdomoni, na leo nimekula.

Simu yangu imejaa mpaka haipokei hata ujumbe, na nataka nikupigie picha za hitima. Basi maadam ya Papa unayo, nimeifuta kwenye simu, nikaifuta na kule kwenye wingu, maana Julienne anasema nako kumejaa. Nimeona vyema hivyo. Haikuwa yangu kuisikia, na kuikalia ilikuwa inanitia kishawishi.

Papa aliniambia siku moja kabla: "Kuna jambo nimemwomba Djafari. Atawaambia kabla ya arobaini." Arobaini ni Jumanne tarehe 29 Julai. Shangazi zetu wananiuliza asubuhi na jioni, ni jambo gani. Nawaambia wangoje, Djafari anajua.

Kingine. Papa Zahoro alikuja mazishini. Alisimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka. Miaka tisa tangu amzike bibi, mama yao, bila kumngoja Papa aliyekuwa njiani anarudi kutoka Kigoma, miaka tisa bila neno, na juzi kaka yake anapitishwa mbele yake yeye amesimama kando ya muuza mkaa kama mpita njia. Niliona haya kwa niaba yake.

Dada yako,
Zainabu


Rasimu. Haikutumwa.
24 Juni 2025

Dada,

Sijaiona.

Alhamisi nilifungua barua yako nikaona juu ya kiungo ile picha ndogo ya Papa, kofia kichwani, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kuanza kusema. Kidole kikakataa. Nilijua ataanza na ule unga.

Unakumbuka mwaka 2013, matokeo ya mtihani wa dola, ule wa kumaliza sekondari? Viviane wa jirani alipita, watu wakammwagia unga kichwani, wanaimba, wakamiminika na kwetu: "Na wewe Djafari?" Mimi nilikuwa nimekwisha pata jibu kwenye simu. Nilikuwa nimeanguka. Nikasema, "Na mimi nimepita." Papa akatoka ndani na bakuli la unga akanimwagia mbele ya mtaa mzima, akachinja na mbuzi. Diploma haikuja. Mwisho kila mtu akajua, na mimi nikawa nimeshakuja huku. Kwa miaka kumi na miwili sijaweza kumtazama usoni. Ndiyo sababu halisi. Mtambo wa pili haukufunguliwa hata siku moja.

Leo, baada ya kusoma kuwa umeifuta, nimebonyeza. Wanasema faili haipo, imefutwa na mwenyewe.

Nitakuambiaje, na wewe umekula kwa sababu ya neno langu?


Piana-Mwanga, Jumatano 2 Julai 2025

Dada Zainabu,

Samahani kwa kuchelewa. Tangu barua ile umeniuliza mara tatu jambo aliloomba Papa, nami nilikuwa natafuta namna ya kuliandika.

Papa amesema arobaini yake ifanyike uani kwa Papa Zahoro. Amesema yale ya mazishi ya bibi yameisha, amemsamehe, na anataka tukae sahani moja. Ndilo ombi lake.

Mengine yalikuwa yangu mimi na yeye.

Djafari


Kalemie, Jumatano 9 Julai 2025

Mdogo wangu,

Sikujua kama Papa alikuwa na moyo mkubwa kiasi hicho. Nimelia, na nimejiona mdogo. Mimi nilidhani ataondoka na kinyongo chake kimekunjwa vizuri kama kanzu ya mteja.

Nilikwenda kwa Papa Zahoro na shangazi wawili. Alitupokea mlangoni, hakutuambia tuingie. Nikapiga magoti nikayasema maneno uliyoniandikia. Akakaa palepale kizingitini. Mtu mzima yule, mvi kichwa kizima, analia mbele ya wanawake. Tangu siku hiyo ameng'oa majani uani, amepaka ukuta chokaa, amekwenda kuazima mikeka mpaka msikiti wa pili.

Lakini jana aliniita. Akasema, "Zainabu, mutoto yangu, mi sikatai. Ila nataka nisikie na masikio yangu. Radhi ya muntu haipitie kwa barua. Siku ya arobaini, mbele ya watu wote, uniwekee sauti ya kaka nisikie akitaja jina yangu."

Ana haki. Basi unirudishie ile video. Ya kwenu wawili usinitumie, nitumie pale tu anapomtaja Papa Zahoro.

Dada yako,
Zainabu


Piana-Mwanga, Jumamosi 12 Julai 2025

Dada,

Ningependa sana. Tatizo ni uzito. Mega mia tatu na themanini, na imeli haipitishi zaidi ya ishirini na tano, wewe mwenyewe unajua. Mtandao wa hapa ni wa kubembeleza. Mwambie Papa Zahoro aniamini.

Djafari


Kalemie, Jumanne 15 Julai 2025

Djafari,

Mwezi mmoja uliopita ningekubali. Sasa mimi ni fundi, muulize Julienne. Chukua kalamu.

Fungua video. Bonyeza kile kimkasi. Chini kutatokea utepe mrefu wenye picha za Papa. Vuta ncha ya kushoto mpaka anapoanza kumtaja Papa Zahoro, vuta ncha ya kulia mpaka anapomaliza. Hifadhi kama nakala, usije ukaharibu yote. Kipande kikiwa bado kizito, punguza ubora wa picha. Sura ya Papa itakuwa na ukungu lakini tunaijua. Ikishindikana, toa sauti peke yake. Sauti ya dakika moja haifiki hata mega mbili, hata mtandao wa kubembeleza unaibeba. Tuma asubuhi kabla wenzako hawajaingia biro, na usifunge simu mpaka iandike kuwa imekwenda.

Umeona? Wala hakuna uchawi.

Papa Zahoro ananunua mbuzi wawili.

Zainabu


Piana-Mwanga, Ijumaa 18 Julai 2025

Dada,

Nimejaribu. Simu yangu imeanza kuzimika yenyewe. Nadhani ni joto la mitambo. Na biro wamebadilisha nenosiri.

Kwani lazima wasikie? Neno la mtoto wa marehemu halitoshi?

Djafari


Kalemie, Jumapili 20 Julai 2025

Djafari,

Nenosiri wamebadilisha, na barua yako imetokaje?

Kama simu inazimika, toa kadi ya kumbukumbu, ifunge kwenye karatasi, mpe dereva yeyote wa pikipiki anayepita Kiambi au Nyunzu kuja huku. Nitamngoja mwenyewe barabarani.

Nimekulea mgongoni. Ulipokuwa darasa la nne uliificha bulletin ya shule iliyojaa alama mbovu chini ya gunia la unga, na kila tulipokwenda kuchota ulikuwa unatuzungukazunguka. Barua zako hizi zinanizunguka vilevile. Kuna nini humo ndani? Papa alimtukana Papa Zahoro? Kama alimtukana niambie sasa, zimebaki siku tisa, na yule mzee ameshawaalika mpaka watu wa Moba.

Zainabu


Piana-Mwanga, Jumatano 23 Julai 2025

Dada Zainabu,

Sijui kuna nini humo ndani. Sikuifungua.

Sikuifungua Alhamisi ile, wala siku Papa alipokufa. Nilikuandikia nimeiona kwa sababu uliniomba nikuambie hukumdanganya, na mimi nilikuwa na haya kuliko nilivyokuwa na msiba. Ukaifuta kwa kuniamini. Nilipobonyeza, haikuwepo. Yale ya Papa Zahoro niliyatunga mwenyewe, hapa hapa biro, nikifikiri uongo wenye kupatanisha hauna madhara. Niliuchagua kama mtu anayechagua zawadi. Mtambo haukufunguliwa, nenosiri halikubadilika, simu yangu nzima.

Leo nimemwuliza Emile, fundi wetu wa kompyuta, nikajifanya namwulizia mtu mwingine. Amesema kitu kilichofutwa kwenye wingu hakipotei mara moja. Kinakaa kwenye kapu la taka siku thelathini, ndipo kinakwenda kabisa. Wewe ulifuta tarehe 22 Juni. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia. Mpaka jana kilikuwepo, Dada. Kwa mwezi mzima neno moja la kweli lingekirudisha, na mimi kila siku nilikuwa na rasimu ya barua hii mfukoni.

Uongo uliomwambia Papa, mimi ndiye niliyeufanya uwe uongo. Sijui ninaomba nini. Nikiandika "nisamehe" naona haya hata kulitazama neno lenyewe.

Djafari


Kalemie, Ijumaa 25 Julai 2025

Djafari,

Nilianza kuisoma barua yako kwa sauti, shangazi wako hapa wanakuna nazi. Nikafika mstari wa pili nikaigeuza simu, nikawaambia ni salamu tu. Kwa hiyo na mimi sasa ni mwongo wa nyumba hii, hongera.

Nimekasirika sana. Nilimpigia magoti yule mzee. Nilimtia kinywani asali isiyokuwepo. Nilizunguka mtaa mzima nikisimulia moyo wa Papa, na ulikuwa utungo wako. Na aliyefuta ni mkono wangu, hilo silisahau, nimefuta sauti ya mwisho ya baba yangu nipate nafasi ya picha za sahani za pilau. Tumefanana, mdogo wangu. Haya yako na haraka yangu zimemzika Papa mara ya pili.

Nilikwenda mbio kwa Julienne. Kapu la taka tupu, kama alivyosema Emile wako. Julienne akaniuliza, "Mama Zainabu, haukutumaka kwingine?" Nikasema hapana. Akaichukua simu akaipekua, akafika kwenye ile anwani ya ualimu, ambayo nenosiri lake nililisahau zamani. Kwenye barua za kutoka kulikuwa na alama nyekundu. Barua moja, tangu tarehe 15 Juni, bado inangoja kwenda. Unakumbuka kipande cha kwanza, kilichozunguka kutwa nzima? Hakikwenda kwa sababu anwani imefungwa, na kwa kuwa hakikwenda, simu haikukitupa. Barua isiyotumwa, anasema Julienne, hubaki na mzigo wake.

Nakutumia pamoja na barua hii, kwa anwani nzuri. Dakika moja, mega ishirini na mbili. Dakika kumi na sita zimekwenda. Sijasikiliza. Mimi kiapo changu ninacho bado, ndicho kitu pekee kilichobaki kizima katika mambo haya.

Papa Zahoro sitamwambia neno. Mshono umeushona wewe, uje uufumue wewe, mbele ya watu, kwa mdomo wako. Arobaini ni Jumanne.

Zainabu


Piana-Mwanga, Jumamosi 26 Julai 2025

Dada yangu,

Ilishuka kwa saa moja na nusu. Safari hii sikungoja. Nilibonyeza nikiwa nimesimama.

Nakuandikia maneno yote kama alivyoyasema, maana hii ilikuwa yangu na ninakufungua kiapo:

"Djafari, mutoto yangu. Zainabu ametoka, tuko wawili. Ile siku ya unga. Mwalimu Ephraïm alikuwa amenipitia asubuhi kule sokoni, akanionyesha liste ya wenye walipita. Jina yako haikukuwa. Nikafunga cherehani, nikarudi polepole, niko natafuta namna ya kukuambia usilie. Nakuta lupango yetu, uwanja yote, imejaa watu, wewe katikati, unasema umepita. Ningefanya nini? Nikaingia jikoni kwa mama yako, nikachukua unga. Nilikumwagia mingi, mpaka kwa macho, ili watu wasione uso yako. Kisha nikangoja uniambie. Njo kosa yangu mimi: nilingoja, sikuuliza. Hata hii najua hautaifungua mbio. Haizuru. Fungua siku utaweza. Sasa, jambo nataka kukuomba ni..."

Hapo inakatika.

Alijua, Dada. Alijua kabla ya kunimwagia. Nimeukimbia ule unga miaka kumi na miwili, na alikuwa ananifunika nao. Nimekaa chini kwenye sakafu ya biro, Emile akaingia, sikufuta machozi.

Ombi lake sitalijua mpaka nife, na nastahili. Pikipiki imekwisha washwa. Usimwambie mtu kuwa nakuja.

Djafari


Kalemie, Ijumaa 15 Agosti 2025

Mdogo wangu Djafari,

Nimefurahi umefika salama. Shangazi bado hawajakusamehe, lakini wameanza kuuliza kama unakula, na hiyo kwao ni dalili.

Najua uliondoka na picha ya Papa Zahoro anayeinuka. Nami ninayo. Wewe umesimama kati ya mikeka aliyoazima mwenyewe, umesema yote, watu hata kijiko hakigongi sahani. Anakuuliza, "Kwa hiyo kaka hakunisamehe?" Unamjibu, "Sijui, Papa. Na hatutajua." Tunaweka ile dakika, anasikiliza mpaka inapokatika, kisha anaingia ndani ya nyumba yake na kufunga mlango, na hatoki mpaka wageni wamekwisha. Nilidhani ndiyo basi. Nilirudi nyumbani kichwa chini, nikapita njia ya nyuma nisikutane na mtu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nasikia hodi. Ni yeye. Miaka tisa hakuwahi kuvuka kizingiti hiki. Hakusalimia. Akasema, "Iko wapi ile dakika?" Nikamwambia, Papa, nitakutumia kwenye simu yako usikie wakati wowote. Akaitoa simu yake, ile ndogo ya vitufe, mgongo umefungwa kwa raba. Mega ishirini na mbili haziwezi kuingia humo. Nikamwambia nitayaandika maneno kwenye karatasi. Akanitazama kama nimemtukana.

Basi anakuja. Leo ilikuwa mara ya tatu. Anakaa kwenye kigoda cha Papa pembeni ya cherehani, mimi naweka simu juu ya mto uleule, namwekea. Wewe hakutaji kabisa, na mimi sikuombei msamaha, akitaka atasema. Habari ya unga anaisikiliza ametulia. Lakini video inapofika pale Papa anaposema, "Sasa, jambo nataka kukuomba ni..." na kukatika, Papa Zahoro anainama kwenye simu na kuitikia, "Sema, kaka."

Anangoja kidogo. Kisha ananirudishia simu, anavaa viatu vyake na kwenda.

Dada yako,
Zainabu